Koti Halina Joto

Wanangu, sogeeni. Leo nina habari za koti linalosema.

"Mjomba, koti linasema?"

Linasema, tena Kiswahili. Mkiniuliza nani alilifundisha tutakesha hapa, na hadithi yenyewe hatutaifikia. Nisikilizeni.

Kulikuwa na mtoto mmoja. Tumwite Mdadisi, maana kila alichokiona alikiulizia. Wazazi wake ni Wakongo, ila yeye alizaliwa Nyarugusu, ile kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1996 huko Kasulu, mkoani Kigoma. Mdadisi alilijua jua. Alilijua vumbi la kiangazi na tope la masika. Na baridi? Aliijua ile ya alfajiri ya mwezi wa saba, ya kujifunika kitenge cha mama na kujikunyata karibu na jiko mpaka jua lipande. Jua likipanda, baridi imekwisha, watu wanaendelea na shughuli zao.

Siku moja jina la familia likatangazwa kwenye orodha ya wanaohamishiwa nchi nyingine. Wakapimwa afya. Wakafundishwa mambo mawili matatu ya huko waendako. Wakapanda basi, wakapanda ndege, wakabadilisha ndege, na walipoteremka mwisho wa safari walikuwa Winnipeg, Kanada, katikati ya mwezi wa kwanza.

Nje kulikuwa na nyuzijoto 20 chini ya sifuri.

"Mjomba, chini ya sifuri maana yake nini?"

Ahsante kwa kuuliza. Wapo watu wazima wanaoitikia kwa kichwa tu hapo, na hawajui. Sifuri ndipo maji yanapoganda yakawa barafu. Baridi ikizidi hapo, tunahesabu kwenda chini. Friza la kuhifadhia samaki dukani huwekwa kwenye 18 chini ya sifuri. Sasa, wastani wa Winnipeg kwa mwezi wa kwanza, ukichanganya mchana na usiku, ni kama 16 chini ya sifuri, na zipo nyakati za usiku baridi inashuka hadi kupita 30. Yaani unafungua mlango wa nyumba, unaingia ndani ya friza.

Mdadisi akavuta pumzi ya kwanza nje ya uwanja wa ndege. Vinyweleo vya ndani ya pua vikagandana papo hapo. Akashika pua. "Mama, pua imejifunga!" Akapumua, ikafunguka. Akavuta tena, ikajifunga tena. Akaanza kucheka, akairudia na kuirudia. Baridi ileile ilimliza dada yake, na simlaumu, lakini huyu mdogo alikuwa ameshapata mchezo.

"Mjomba, kwani kule jua limekwenda mbali?"

Hivyo ndivyo tunavyodhani wengi. Tegeni masikio basi. Mwanzoni mwa mwezi wa kwanza dunia inakuwa karibu na jua kuliko wakati wowote wa mwaka! Ni kama kilomita milioni 147. Mwezi wa saba ni kama milioni 152. Kwa hiyo umbali hauna kosa.

Kosa ni la kuinama. Dunia haikusimama wima. Imeinama kwa nyuzi 23 na nusu. Mwezi wa kwanza ule upande wa kaskazini, ambako ndiko iliko Kanada, unakuwa umelipa jua mgongo kidogo, na mwanga unafika kwa ubavu. Usiku wa leo chukueni tochi mkaimulike chini wima. Mtaona duara dogo lenye mwanga mkali. Kisha ilazeni. Mwanga unatanuka, unafifia. Tochi ni ileile, betri ni zilezile. Kigoma jua la saa sita linasimama karibu na utosi mwaka mzima. Winnipeg mwezi wa kwanza jua linamulika limelala.

Tena linachelewa kuamka. Linachomoza saa mbili na dakika kama ishirini asubuhi, na kabla ya saa kumi na moja jioni limeshazama. Siku ya kwanza Mdadisi aliamshwa kwenda shule akagoma. "Mama, bado usiku!" Mama akachungulia dirishani, akaangalia saa ya ukutani, akachungulia tena. Kwa kweli mama naye hakuwa na hakika.

Njiani Mdadisi aliona magari yamechomekwa kwenye umeme, kila gari na waya wake unaning'inia mbele. "Baba, huku magari yanachajiwa kama simu?" Mengi ya hayo yalikuwa magari ya petroli. Waya ule unapasha injini joto usiku kucha, kwa sababu oili ikipoa sana inakuwa nzito na asubuhi gari halitaki kuwaka. Baba aliuliza majirani ndipo akajua. Kumbe udadisi ulikuwa wa ukoo.

Sasa tumefika shuleni.

Ukiingia tu kuna korido ndefu, na ukutani kuna kulabu, kila mtoto na kulabu yake. Chini ya kila kulabu kuna viatu viwili viwili: buti za theluji zinazodondosha maji, na viatu vikavu vya kuvaa darasani. Mwalimu akamletea Mdadisi koti la bluu kutoka kabati la nguo za akiba. Lilikuwa zito. Ndani ya ukosi palikuwa na kitambaa kidogo cheupe kimeandikwa jina, jina likakatwa kwa kalamu nyeusi, chini yake jina jingine, nalo likakatwa. Mfukoni mlikuwa na ganda la pipi.

Mwalimu akaandika jina la Mdadisi chini ya yale mawili, akaitwa na mtu, akaondoka.

"Usinishangae," likasema koti. "Wawili walinivaa kabla yako. Wewe ni wa tatu."

Mdadisi akatazama kushoto, akatazama kulia. Hakujua koti lina umri gani. Mtoto mwenye adabu akiwa na shaka, huamkia. "Shikamoo."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Nataka joto. Naomba unipe joto."

"Sina."

"Huna?"

"Sina hata chembe. Nishike." Mdadisi akalishika. Lilikuwa baridi sawa na ukuta. "Umeona? Joto ni lako. Mimi nalinda tu."

"Mjomba, koti linasema uongo! Ukivaa koti unapata joto!"

Ngojeni. Mnaikumbuka sufuria ya wali? Mama akiipua motoni kabla wali haujaiva vizuri, anafanyaje? Anaizungushia blanketi, anaitia kwenye kapu, anafunika. Mnacheza weee, mnarudi, na wali umeiva, mvuke unafuka. Je, mama aliwasha moto ndani ya blanketi?

"Hapana!"

Basi joto lilitoka wapi?

"Kwenye sufuria."

Sawasawa. Blanketi lililizuia lisitoroke. Na ukitaka kulijua vizuri blanketi, lizungushie soda ya baridi. Soda itakaa na ubaridi wake muda mrefu zaidi kuliko ile iliyoachwa wazi, kwa sababu sasa blanketi linazuia joto la nje lisiingie. Halina upande. Kazi yake ni kuzuia. Nyinyi ndio sufuria. Chakula mlichokula kinawaka taratibu ndani yenu, kinawapa joto la nyuzi 37 usiku na mchana, mkiwa Kasulu au mkiwa Kanada. Ndiyo maana mtoto wa kwenye baridi haruki kifungua kinywa.

"Joto ni lako," koti likarudia. "Ila ulilinde kwa akili. Mimi peke yangu sitoshi. Ndani kabisa vaa nguo nyepesi ya kubana isiyoshika maji, inayofyonza jasho na kuliachia. Juu yake sweta, la sufu kama lipo, la kushika hewa. Juu kabisa mimi, wa kuzuia upepo. Hewa iliyotulia kati yetu ndiyo ukuta wenyewe. Chungulia dirishani."

Mdadisi akachungulia. Kwenye mti palikuwa na ndege mdogo kuliko shomoro, kichwa cheusi, mashavu meupe, amejivimbisha mpaka amekuwa mviringo. Wenyeji humwita chickadee. Uzito wake ni kama gramu 11, na hahami. Wenzake wanakimbilia kusini, yeye anabaki na manyoya yake. Anapojivimbisha, anaweka hewa katikati ya manyoya. Usiku mwili wake wenyewe unashusha joto lake, asimalize akiba yake yote ya mafuta kabla ya asubuhi.

"Gramu 11," likasema koti, "na hana zipu."

Hapo kengele ya darasa ikalia, na Mdadisi akafanya jambo ambalo nimeona watoto wengi wageni wakilifanya. Aliingia darasani na koti lake, akakaa nalo asubuhi nzima.

"Kwani ni vibaya, Mjomba?"

Fikirini. Ndani ya shule kuna hita, kuna nyuzijoto 20 au 21. Mdadisi amefungwa blanketi, yuko karibu na hita, na anaogopa baridi isije ikamkuta bila silaha. Shati lake lilikuwa la pamba. Jasho likamtoka. Pamba inapenda maji, ikishayanywa haiyaachii. Wakati wa mapumziko akatoka nje na shati lililolowa. Maji yanaondoa joto mwilini haraka kuliko hewa, haraka mno. Dakika tano hazikupita, meno yanagongana.

"Koti! Umenidanganya! Hunilindi!"

"Umenilowesha, nitakulindaje? Hewa yangu imekuwa maji. Ndani ya nyumba nitundike, bwana. Pale kwenye kulabu sitoroki."

Hapa nina neno na walimu, kama wapo wanaosoma pembeni ya mtoto. Mtoto mgeni akikatalia kuvua koti darasani, msimfokee. Hajakaidi. Anatoka mahali ambapo nguo nzito huvaliwa siku ya kuumwa malaria. Mwonyesheni kulabu, mwambieni koti litamsubiri, na hakikisheni anapata fulana kavu kabla ya kutoka. Na ile karatasi ya orodha ya nguo za baridi mnayoituma nyumbani, ni nzuri, lakini karatasi haifungi zipu.

Maana zipu ilikuwa vita. Siku ya pili kengele ya mapumziko ililia na watoto wote wakavaa kwa kasi ya wazima moto. Mdadisi alianza na glovu. Glovu zenyewe ni zile ambazo vidole vinne vinalala chumba kimoja na gumba chumba chake. Akishazivaa, hawezi kushika zipu. Akajaribu kwa meno. Akajaribu kwa magoti. Korido ikabaki tupu. Akatoka jasho tena, machozi nayo yakaanza kujitokeza.

Akarudi msichana mmoja wa darasa lake. Wazazi wake walitoka Ufilipino; Winnipeg ina Wafilipino wengi sana. Hakujua Kiswahili, na Mdadisi hakujua Kiingereza cha kutosha. Hakusema kitu. Akamvua glovu, akazibana kwapani kwake. Akanyosha kidole: kwanza suruali ya theluji. Halafu buti, na mguu wa suruali uje juu ya buti, theluji isiingie. Halafu koti, zipu mpaka kidevuni. Halafu kofia, masikio ndani. Akamrudishia glovu. Glovu mwisho.

"Mjomba, kwa nini vidole vinne vilale pamoja?"

Vinapashana joto. Ukivitenga kila kimoja na kifuko chake, kila kimoja kinapoa peke yake. Hilo mnalijua bila kufundishwa, nyinyi mliokwisha kulala watatu kitanda kimoja.

Kesho yake upepo ulivuma, na mapumziko yakawa ndani. Mwalimu alisema ni nyuzijoto 20 chini ya sifuri, lakini "inahisika kama 33".

"Mjomba, baridi inakuwaje mbili?"

Hili swali lina hadithi ndani ya hadithi. Alikuwepo kijana wa Kimarekani, skauti, jina lake Paul Siple. Mwaka 1928, akiwa na miaka 19, alichaguliwa kati ya maskauti wa nchi nzima kufuatana na mvumbuzi Richard Byrd kwenda Antaktika, kule kwenye Ncha ya Kusini. Akaipenda baridi, akawa mwanasayansi wa baridi. Akarudi Antaktika tena, na safari moja yeye na mwenzake Charles Passel wakatundika chombo kidogo cha plastiki chenye maji nje, juu ya mlingoti, wakakaa na saa. Siku ya utulivu, maji yanaganda kwa muda gani? Siku ya upepo je? Upepo ulivyozidi, maji yaliwahi zaidi kuganda. Mwaka 1945 wakachapisha hesabu zao.

Siri ni hii. Kuuzunguka mwili wako kuna hewa nyembamba uliyoipasha wewe mwenyewe. Upepo unaichukua. Unapasha nyingine, unaichukua. Mwaka 2001 Kanada na Marekani zikatengeneza hesabu mpya, na safari hii hawakutumia chombo cha maji. Watu 12, wanaume kwa wanawake, walitembea ndani ya chumba cha upepo wa baridi mjini Toronto, wamebandikwa vipima joto usoni. Kwa hesabu hiyo, nyuzi 20 chini ya sifuri na upepo wa kilomita 30 kwa saa, ngozi yako inaonja kama nyuzi 33 chini ya sifuri. Shule za Winnipeg hutumia kipimo hicho: kikifika kama 27 chini ya sifuri, mapumziko yanakuwa ndani. Mama yake Mdadisi alipoambiwa kwamba kwenye 20 watoto wanatolewa nje kucheza, alimpigia simu shangazi Nyarugusu amwambie kuna watu wasio na huruma duniani. Siku hizi anamtoa mwenyewe. Anamwambia, "Nenda, unanijazia nyumba."

Sasa nikaze sauti kidogo, maana hapa hakuna mchezo.

Kidole, pua, shavu au sikio likiuma kwa baridi, hiyo ni taarifa. Likiacha kuuma ghafla likafa ganzi, hiyo ni hatari. Ngozi yetu nyeusi ikianza kuganda inaweza kupauka, kuwa ya kijivujivu, ngumu kama nta. Usingoje kengele. Ingia ndani, mwambie mtu mzima. Usisugue. Usipake theluji, hata mtu akikuambia ni dawa ya zamani. Maji ya moto nayo hapana, kwa sababu kidole chenye ganzi hakijui kinaungua. Ni ya uvuguvugu tu. Na usilambe chuma wakati wa baridi. Ulimi utaganda pale pale, utanasa. Kila mwaka yupo mtoto anayejaribu, na kila mwaka wenzake ndio waliomtuma.

Basi, nimemaliza kukaza.

Mdadisi alikuwa na mashaka mengine madogo madogo. Midomo ilimpasuka. Asubuhi moja damu ikamtoka puani, na nyumba nzima ikapiga kelele. Akishika kitasa cha mlango, cheche: tak! Akafikiri kitasa kina uchawi. Yote ni mambo ya ukavu. Hewa ya baridi kali hubeba mvuke kidogo mno, na ukiiingiza ndani ukaipasha kwa hita, joto linaongezeka lakini maji hayaongezeki. Hewa yenye kiu inakunywa kwenye midomo yako. Mafuta mazito ya kujipaka, maji ya kunywa hata kama husikii kiu, basi. Na jua lile lililolala halitoshi kuitengenezea ngozi vitamini D, hasa ngozi nyeusi, kwa hiyo maziwa ya Kanada yanaongezwa vitamini hiyo kwa sheria, na daktari anaweza kuongeza matone.

Kilichomlemea zaidi, kusema kweli, ni giza. Anatoka shule, muda si muda jua linazama. Akawa anakaa dirishani, hataki kula, anauliza Nyarugusu sasa hivi ni saa ngapi. Dada yake vilevile. Huzuni ya namna hiyo inawapata hata wenyeji waliozaliwa hapo, wala si udhaifu. Baba akaweka sheria: kila Jumamosi saa sita mchana, jua likiwa juu, wote nje. Hata kwa nusu saa.

Jumamosi moja wakaenda The Forks, mahali ambapo mito miwili, Red na Assiniboine, inakutana katikati ya mji. Wakakuta watu wanatembea juu ya mto! Wengine wanateleza kwa viatu vyenye chuma, wengine wanasukuma watoto kwenye vigari. Mama akasimama ukingoni akakataa katakata. Kwao ni kando ya Ziwa Tanganyika, ziwa limewahi kuwachukulia jamaa, na maji hayaaminiki. Mfanyakazi wa pale akawaelekeza kwa ishara kwamba barafu inatobolewa na kupimwa unene kabla watu hawajaruhusiwa, na mahali pasipopimwa hakanyagi mtu. Mama akauweka mguu mmoja. Akauweka wa pili. Akasema Bwana asifiwe kwa sauti iliyofanya watu wageuke.

Na Mdadisi? Alilala kifudifudi juu ya barafu, akaweka uso karibu. "Baba, samaki wamekufa?"

Mtoto wa ziwani huyo! Jibu ni hili. Vitu vingi vikipoa vinakuwa vizito, vinazama. Maji nayo yanazidi kuwa mazito mpaka yafike nyuzijoto 4, kisha yakizidi kupoa hapo yanaanza kuwa mepesi, na barafu ni nyepesi kuliko maji, inaelea. Kwa hiyo mto unaganda kuanzia juu. Chini samaki anaogelea taratibu, amefunikwa.

"Naye ana koti," akasema Mdadisi.

Koti la bluu likanong'ona, "Nimemfundisha mimi huyu."

"Mjomba, mwisho wake mwili unazoea?"

Kidogo. Mwili unajifunza joto upesi kuliko baridi. Mtu wa baridi akienda kwenye joto, ndani ya wiki moja au mbili anajifunza kutoa jasho vizuri. Baridi ni mwalimu wa polepole. Wavuvi wa Gaspé, huko Quebec, wanaoshika nyavu kwenye maji ya baridi miaka na miaka, walipimwa ikaonekana mikono yao inabaki na joto kuliko ya watu wengine. Lakini hiyo ni kazi ya maisha. Kwa mtoto wa shule, kinachozoea zaidi ni akili na mikono. Zipu iliyomchukua mapumziko mazima sasa anaifunga huku anabishana na mwenzake.

Theluji ikaja kuyeyuka, mji ukawa tope tupu, koti likafuliwa na kurudishwa kabatini. Ukaingia mwezi wa sita. Jua likawa halitaki kulala. Saa tatu na nusu usiku bado lipo angani. Joto likafika 30. Wale wenzake Mdadisi, mabingwa wa theluji, wakalala chini ya meza wakihema, nyuso nyekundu. Mdadisi alikuwa na sweta. Akawaonyesha: msikimbie juani saa sita, kaeni upande huu wa ukuta wenye kivuli, maji mnywe kidogo kidogo na mara kwa mara. Yule msichana wa Kifilipino akakaa kwanza, maana ndiye aliyemwamini upesi.

Jioni ile akatua mdudu mkononi mwa Mdadisi. Akamtazama, hakuamini. Mbu! Winnipeg inasifika kwa mbu kuliko miji mingi ya Kanada. Akakimbia ndani. "Mama, chandarua kiko wapi? Wamenifuata!"

"Mjomba, mbu wa kule wanaleta malaria?"

Hapana, kule malaria haipo. Ila wapo mbu wanaoweza kubeba virusi vya West Nile, kwa hiyo dawa ya mbu inapakwa miguuni na mikononi, na mikono mirefu inavaliwa jioni. Mama yake chandarua alikuwa nacho, amekikunja chini kabisa ya sanduku, ametoka nacho Kasulu. Alikitundika juu ya kitanda. Majirani walipouliza, akawaambia watafute chao.